Colorado kwa baiskeli: kutoka Aurora hadi Aspen kwa njia za lami

Wengi wameniuliza habari za zile picha nilizorusha Agosti, hasa ile ya barabara kuu ya magari ikiwa juu kwenye nguzo na sisi tunapita chini yake kando ya mto. Nimerudi Arusha, mizigo imefunguliwa, nimekaa na daftari na picha za simu nikaunganisha safari nzima. Kama una ndugu Colorado na unajua kuendesha baiskeli, soma mpaka mwisho, bei nimeziweka humohumo.

Nilikwenda Aurora, mji uliopakana na Denver, kumsalimia dada yangu. Shemeji ana baiskeli zinazokaa gereji zikila vumbi, akanipa moja yenye keria na madigadi. Mwenzangu wa safari ni rafiki yake wa kazini, mzaliwa wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kabla ya kupelekwa Marekani. Aurora ina Waswahili wa kila aina, Wakongo kwa Warundi, Wakenya kwa Watanzania, kwa hiyo lugha haikunisumbua hata siku moja. Yeye ananiita mudogo, mimi namwita kaka. Baiskeli ameijulia kwa kubeba kuni na mgao wa unga, na nguvu zake milimani nilikuja kuziona.

Jumamosi. Aurora hadi katikati ya Denver

Tulianzia bwawa la Cherry Creek, ndani ya hifadhi ya jimbo, tukashuka na njia inayofuata kijito cha jina hilohilo hadi mjini, kama kilomita 20. Mimi nimezoea kuendesha kwenye bega la barabara ya Moshi, sikio moja likiwa nyuma kusikiliza Coaster inakuja kwa kasi gani. Hapa unapita chini ya barabara zao. Kila panapotokea makutano, njia inazama, inapita chini ya daraja kando ya maji na kuibuka upande wa pili. Katikati ya Denver ndiyo inakuwa chini kabisa, kati ya kuta mbili za zege, magari unayasikia juu lakini huyaoni. Kaka aliuliza mara tatu, "Mudogo, hii ni ya baiskeli na batu ba miguu tu? Hata pikipiki haipite?" Hata pikipiki haipiti. Nikakumbuka njia za baiskeli za Morogoro Road pale Dar na bodaboda zinavyojipitia, nikanyamaza.

Sheria ni chache: kaa kulia, pita kushoto, na kabla ya kumpita mtu piga kengele au mwambie kwa sauti kwamba unapita kushoto kwake. Mwendo ndani ya Denver usizidi kilomita 24 kwa saa. Wenye baiskeli za mashindano hawaijui sheria hiyo.

Pancha ilitupata mapema. Tairi la nyuma la kaka lililia tsss, tukaligeuza, tukakuta mbigili. Ni zilezile za kwetu, kijipande kikavu rangi ya udongo chenye pembe mbili, pembe moja imezama yote kwenye mpira. Niliing'oa kwa ukucha, nikapata nyingine, na nyingine. Tukakaa kwenye benchi na kiraka na gundi. Karibu kila aliyepita alipunguza mwendo akauliza kama tuko salama, na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisimama kabisa, akafungua mkoba chini ya siti yake, akatupa mpira wa ndani mpya wenye ute wa kuziba. Nikatoa pesa, akakataa. Alisema tu kwamba ukitoka nje ya lami hata kwa hatua moja kupiga picha, tairi linaokota mbigili.

*Kwa atakayefuata:* nunua mipira yenye ute huo kabla ya kuondoka. Kiraka kimoja kimoja kitakumalizia siku.

Mwisho wa kijito ni Confluence Park, pale Cherry Creek inapoingia mto South Platte. Karibu na hapo ndipo wachimba dhahabu walipopiga kambi mwaka 1858, na Denver ikaanzia hapo. Siku tuliyofika watoto walikuwa wanaogelea na vijana wanashuka na mitumbwi kwenye maji yanayoruka juu ya mawe. Zamani mto huu ulikuwa jalala. Juni 1965 ulifurika ukaharibu sehemu kubwa ya mji, na ilipofika 1974 ndipo seneta wa jimbo, Joe Shoemaker, na wenzake wakapewa kazi ya kuufufua. Bustani ikafunguliwa mwaka uliofuata, na njia za lami zikaendelea kurefuka kufuata maji hadi leo. Ukiwa na siku ya ziada, chepuka kwenye Clear Creek, njia itakufikisha Golden mlimani. Sisi tulirudi kwa treni, baiskeli inaingia bila nauli ya ziada.

Jumapili ilikuwa kanisani na pilau ya dada. Baiskeli hazikuguswa.

Jumatatu. Denver hadi Frisco

Kupanda milima ya Rocky kwa baiskeli kutoka Denver kunawezekana, ila hatukuwa na miguu hiyo. Tulipanda Bustang, basi la serikali ya jimbo, kutoka Union Station hadi Frisco. Nauli ilikuwa dola 12. Nafasi za baiskeli ni chache na anayewahi ndiye anayepata, kwa hiyo tulifika saa nzima kabla. Foleni ya I-70, ile barabara kuu ya magari, ilikuwa ya kutosha kusahau uliondoka saa ngapi. Tulipita ndani ya handaki la Eisenhower, ambalo liko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, tukateremka hadi Frisco.

Frisco iko kama mita 2,770. Kwa waliopanda Kilimanjaro, mmeshalala Mandara, sasa fikirieni Mandara yenye duka la Safeway na taa za barabarani. Mimi nilijisikia kawaida. Kaka aliposhuka alishika nguzo ya kituo akasema, "Minaona nyota, na ni mchana." Jamaa mmoja mweusi mwenye sare ya hoteli aliyekuwa anasubiri basi akamwangalia, akamsalimia kwa Kifaransa. Msenegali. Anafanya usafi wa vyumba hotelini na alituambia kuna Waafrika Magharibi wengi wanaoishi Silverthorne, mji wa jirani. Alimpa kaka chupa yake ya maji, akamwamuru akae chini, anywe yote na asiendeshe popote kwa saa mbili. Walizungumza Kifaransa mpaka basi lake lilipofika, nami nikawa mtazamaji. Mabasi ya kaunti ile ni ya bure kabisa, wageni na wenyeji, na yana sehemu ya kufunga baiskeli kwa mbele.

*Kwa atakayefuata:* siku ya kwanza juu usijifanye shujaa. Maji, chumvi kidogo, bia uiache. Jua la kule linachoma hata wenye ngozi zetu, paka mafuta shingoni na masikioni.

Jioni kaka alikuwa amepata nafuu, tukazunguka kipande cha njia ya bwawa la Dillon. Ni mojawapo ya yanayoinywesha Denver, maji yanapita chini ya milima kwenye handaki la kilomita 37. Mji wa Dillon wa zamani ulihamishwa kupisha maji, bwawa likakamilika mwaka 1963. Kuogelea marufuku, hata siku ya joto, na ubao unasema hivyo kila baada ya hatua. Njia yenyewe ni nzuri mno: lami laini, misonobari, boti nyeupe, milima nyuma yake.

Tulilala kwenye hema kambi ya Peak One, kwenye rasi ya Frisco, na njia inapita mlangoni. Dola thelathini na kitu kwa eneo la hema, tukagawana. Moteli ya bei ya chini mjini ilikuwa zaidi ya mara tano ya hiyo. Lawama yangu kubwa kwa milima ile ni hiyohiyo: njia ni bure, choo ni bure, basi ni bure, ila ukitaka kuweka ubavu chini ndipo utajua uko wapi. Kambi za Agosti zinawekwa nafasi mapema mtandaoni, ya kwetu dada aliiweka wiki tatu kabla. Chakula kiwe kwenye sanduku la chuma, kwa sababu ya dubu. Usiku Agosti hiyohiyo nilivaa soksi jozi mbili.

Jumanne. Ten Mile Canyon na Vail Pass

Saa moja asubuhi tulikula chapati za dada zilizopashwa moto juu ya jiko la gesi, chai ya rangi, tukaondoka. Kutoka Frisco hadi Copper Mountain ni kama kilomita 11 za kupanda taratibu, njia imelalia tuta la reli ya zamani, kijito cha Tenmile kinapiga kelele upande mmoja. Reli haziwezi mwinuko mkali na ndiyo maana miguu inamshukuru mhandisi wa karne ya kumi na tisa. Tulipita vidimbwi vya wanyama wanaokata miti na kuziba maji, bwawa moja juu ya jingine, vijiti vimepangwa kwa ustadi kuliko uzio wangu.

Baada ya Copper mambo yanabadilika. Kilomita kama nane zilizobaki hadi juu ndizo za kazi. Njia imepita katikati ya I-70, barabara ya kwenda upande huu na ya kurudi upande ule, ila zimeachana kiasi kwamba unasahau. Kuna vipande vifupi ambavyo nilishuka nikasukuma. Kaka hakushuka hata kimoja. Alisimama juu ya pedeli, polepole, kama aliyebeba gunia nyuma, na alipofika kwenye kona alinisubiri bila kusema neno. Juu kuna wanyama wanene wa mawe wanaofanana na pimbi, wanakaa kwenye jua na kupiga mluzi.

Vail Pass ni mita 3,250 hivi. Tulifika saa sita na robo na mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi. Kila mtu alikuwa ametuambia: milimani Julai na Agosti, radi inakuja mchana, uwe umeshashuka. Tulikimbilia kituo cha mapumziko, mvua ya mawe ikaanza, punje za saizi ya njegere zikiruka kwenye lami. Joto liliporomoka ndani ya dakika kumi. Makoti ya mvua tuliyokuwa nayo yalikuwa ya Denver, sio ya pale.

Dereva wa gari linaloleta watu juu ili washuke kwa baiskeli alituona tunatetemeka. Akaingia garini, akatoka na mifuko mikubwa meusi ya taka, akatoa kisu kidogo, akakata tundu la kichwa na mawili ya mikono, akatuvisha mmoja mmoja. Kisha akakunja karatasi za gazeti akatuambia tuweke kifuani ndani ya shati. Kaka alijitazama kwenye kioo cha gari akacheka mpaka akakohoa. Niulize kama mfuko wa taka unazuia upepo: unazuia kuliko koti langu la dola 40.

Mvua ilikatika baada ya saa moja. Kushuka hadi Vail ni raha tupu, sehemu kubwa ni barabara ya zamani iliyofungwa kwa magari, ukipita maziwa mawili madogo juu na kijito cha Black Gore njiani. Angalizo ni moja. Magari yale yanaleta juu hata watu ambao hawajaendesha tangu utotoni, na wengine wanashuka katikati ya njia, breki zote mbili zimebanwa, miguu imetandazwa. Wape nafasi. Na breki zako zikague kabla ya kupanda, maana pedi zilizochoka utazijua kwenye kona ya kwanza.

Tulilala Gore Creek, kambi ya msitu wa taifa, palepale njia inapomalizikia chini. Wali, dagaa wa Kigoma wa kaka aliowabeba kwenye kopo, nyanya mbili. Wazungu wa hema la pili waliuliza harufu ile ni nini. Walionja. Mume aliomba tena, mke alishukuru.

Jumatano. Glenwood Canyon

Vail tulipita asubuhi, vijumba vya mtindo wa Ulaya na maua dirishani, kahawa moja bei ya mlo wa mtu. Kutoka hapo tulipanda basi la bondeni hadi Gypsum, kwa kuwa njia ya chini huko haikutuvutia, tukaendesha hadi Dotsero.

Kutoka Dotsero hadi Glenwood Springs ni kama kilomita 26, na kwa upande huu unateremka pamoja na mto Colorado wenyewe. Kama una siku moja tu jimbo zima, ifanye hii.

Korongo ni jembamba, kuta za mawe zimepanda hadi shingo inauma kuziangalia. Ndani ya nafasi hiyo wamepitisha vitu vinne: mto, reli ng'ambo ya pili, barabara ya magari, na njia ya baiskeli. I-70 ilikamilika hapa mwaka 1992, baada ya miaka kama 12 ya ujenzi na karibu dola milioni 490, kwa sababu wakazi na wapenda mazingira waligoma kuona korongo linalipuliwa kwa baruti likawa barabara tu. Ndiyo maana imebebwa kwenye nguzo, upande mmoja wa magari juu ya mwingine sehemu nyingine, na njia yetu ikaachwa chini, karibu na maji. Malori yanayokwenda California yanapita juu ya kichwa chako na unachosikia zaidi ni mto. Picha ile mliyoipenda nilipigia hapo.

Siyo yote ni mazuri. Agosti 2020 moto uliunguza kuta zile, na mwaka uliofuata mvua zikaporomosha matope na mawe mpaka barabara kuu ikafungwa wiki mbili. Miti mieusi bado imesimama mteremkoni. Njia nayo hufungwa: wakati wa baridi, wakati wa maporomoko, na mara nyingine mwanzo wa kiangazi mto unapopanda juu ya lami karibu na bwawa la umeme la Shoshone. Angalia hali yake kabla ya kulipa nauli.

Tulikula chini ya kivuli Grizzly Creek, tukaona treni ya abiria ikipita ng'ambo, abiria wanatupungia. Kituo cha mapumziko kinachofuata njiani kinaitwa No Name, yaani hakina jina na kina ubao wa jina. Ukitaka kupanda kwa miguu hadi ziwa la Hanging Lake, kibali kinanunuliwa kabla, usifike ukitegemea huruma.

Usiku ule kaka alikataa hema. Moteli, dola 140 kwa wawili, maji ya moto na kitanda. Chemchemi ya maji moto ya mji wenyewe, lile bwawa kubwa la tangu 1888, tuliangalia bei, tukaangaliana, tukaenda kununua kuku wa kuchoma dukani.

Alhamisi. Rio Grande Trail hadi Aspen

Kilomita 68 juu ya reli ya zamani ya Denver & Rio Grande, ile iliyofika Aspen mwaka 1887 kufuata madini ya fedha. Serikali za bonde zilinunua kwa pamoja ukanda wa reli mwaka 1997, baadaye ukawa chini ya shirika la mabasi la bonde, RFTA, na njia ikakamilika 2008. Unapanda kama mita 650 jumla, kidogokidogo, hauhisi ila kiuno kinajua.

Hadi Carbondale ilikuwa mashamba, farasi, na mlima Sopris umejaa mbele yetu wenye vilele viwili vinavyolingana. Carbondale kuna kazi za sanaa kandokando ya njia, na gari la chakula la Wameksiko ambapo tulikula taco (vichapati vya kukunja) tatu kila mtu kwa chini ya dola 15, mlo wa bei ya haki kuliko yote milimani. Mama muuzaji alituuliza tumetoka wapi, kaka akajibu "Kongo" kwa Kihispania chake cha kazini, akaongezewa taco ya nne na limau.

Baada ya hapo kuna kipande ambacho hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 30 kuwapisha wanyamapori. Basalt tulijaza maji. Juu ya Woody Creek lami inaisha kwa muda, inakuwa changarawe ngumu, matairi membamba yataomba msamaha lakini yanapita. Aspen tulifika saa kumi na moja jioni. Mji wa matajiri, ndege binafsi zinatua ukiwa bado njiani. Tulikaa nusu saa, tukapiga picha, tukafunga baiskeli kwenye basi la kushuka Glenwood, dola 2 za ziada kwa kila moja, tukalala moteli tena.

Ijumaa. Kurudi

Bustang kutoka Glenwood hadi Denver ilikuwa dola 28. Tulilala njia nzima, sina la kusimulia.

Hesabu ya mtu mmoja, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa: nauli zote karibu dola 60, malazi kama 170 tukigawana (moteli siku mbili ndizo zilizoua), chakula 90 kwa kuwa nusu tulitoka nacho Aurora. Ukikodi baiskeli badala ya kuazima, ongeza dola hamsini na zaidi kwa siku, ndipo hesabu inapoharibika. Bora uwe na shemeji.

Kaka amenitumia ujumbe juzi. Anataka kumpeleka mama watoto kwenye kile kipande cha Glenwood hadi Carbondale, ila mama amesema hapandi kitu kisicho na mota. Kuna mwenye kujua wanakouza baiskeli za umeme zilizotumika, Aurora au Denver, bei ya kibinadamu? Aandike hapa chini, nitamfikishia.